Kofia nyeupe, kofia nyekundu: siku nane Japani

Nimerudi tangu Novemba, na daftari langu la safari limelala chini ya kitanda muda wote huo. Habari moja ya mwishoni mwa Januari ndiyo iliyonifanya nilitoe, nikafungua na picha kwenye simu, nikaanza kuunga. Habari yenyewe itakuja mahali pake.

Binamu yangu Athumani yuko mkoani Chiba, kwenye yadi ya magari ya mitumba, mwaka wa kumi sasa. Nilikuwa nimedunduliza fedha za Noah, akanishauri nikalitazame gari mwenyewe kabla ya kulipia, "upate na kutembea, kaka." Mimi nilikuwa na langu moyoni. Marehemu baba alikuwa karani Bukoba mwaka 1976, ndege iliyotekwa ilipotua Entebbe, ng'ambo ya ziwa. Alizoea kutuhesabia wafungwa ambao watekaji walitaka waachiwe: watano walikuwa wameshikiliwa Kenya, na mmoja, hapo alipandisha miwani kwanza, alikuwa Mjapani. Mjapani kaingiaje humo? Baba hakujua. Nilipokuwa mwalimu wa historia nikamsoma: Okamoto Kozo, mmoja wa vijana watatu waliomimina risasi uwanja wa ndege wa Lod, Mei 1972, watu 26 wakafa, wakishirikiana na kundi la PFLP la Wapalestina. Jibu hilo likazaa maswali zaidi. Vijana wa aina hiyo walitokaje kwenye nchi tunayoijua kwa Toyota na kuinamiana?

Jumapili, 12 Novemba 2023. Narita hadi Sanya

Dar, Doha, Narita. Nilitua jioni, maofisa wakanipitisha upesi kuliko nilivyoogopa. Zamani haikuwa hivyo. Hadi Machi 2015 kila aliyeingia uwanja huu, hata anayemsindikiza mkwewe tu, alisimamishwa getini aonyeshe kitambulisho. Sababu yake nitaifikia Jumanne.

Treni ya kawaida ya Keisei hadi Nippori, yeni 1,000 na ushee. Kisha laini ya Joban hadi Minami-Senju. (Wakati ule yeni 100 ilikuwa kama shilingi 1,650 za kwetu. Ile treni ya haraka ni zaidi ya mara mbili ya bei hiyo. Kama huna mtu anayekungoja, iache.)

Nililala Sanya. Jina hilo hulipati kwenye anwani, lilifutwa mwaka 1966, ila kila mtu analijua. Baada ya vita ndiko vibarua walikokusanyika alfajiri kusubiri malori ya kazi, na wenye siasa kali waliwafuata huko kuwapanga. Vyumba vya wale vibarua ndivyo tunavyolala sisi wasafiri wa mfuko mwembamba: mikeka mitatu upana, godoro la kukunja, yeni 3,000 kwa usiku, bafu la pamoja. Ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili.

Karibu na stesheni nilipotea. Nikasimama mbele ya kituo kidogo cha polisi, wanaviita koban, na macho yakaangukia bango la wanaosakwa. Sura za kizamani, picha za rangi ya kufifia. Okamoto wa baba alikuwamo. Mwingine alikuwa kijana mwenye nywele ndefu na miwani mizito, anacheka kwa meno yote kama aliyepigwa picha harusini. Nikampiga picha. Askari akatoka, nikadhani nimeharibu. Kumbe ameona begi langu akajua nimepotea. Akachora ramani, akaikunja, kisha akaona haitoshi akanisindikiza mpaka mlangoni pa gesti, kama dakika nane, bila neno tunaloelewana.

Jumatatu, 13 Novemba. Hongo

Nilitaka kuanza na Narita, lakini jumba la makumbusho la huko hufungwa Jumatatu. Angalia kwanza kabla ya kupanga. Nikaenda Hongo, Chuo Kikuu cha Tokyo.

Unaingia kwa miguu, hakuna anayekuuliza. Miti ya ginko imeanza kugeuka manjano, na mbele yako unasimama ukumbi wa Yasuda, matofali mekundu na mnara wa saa. Ugomvi ulianza mwaka 1968 kwa jambo ambalo daktari yeyote wa mafunzo wa kwetu atalielewa: wanafunzi wa udaktari walipinga mfumo wa kufanyishwa kazi hospitali bila malipo. Chuo kikawaadhibu, wenzao wakauteka ukumbi, chuo kikaita polisi, na hilo la kuita polisi ndilo lililowasha kila idara. Januari 18 na 19, 1969, polisi 8,500 wa kutuliza ghasia, hao tungewaita FFU, walikuja kuukomboa. Juu ya paa vijana wanarusha mawe na chupa za petroli, chini maji na mabomu ya machozi, na taifa zima linatazama kwenye televisheni. Mwaka ule mtihani wa kuingia chuo hicho haukufanyika kabisa.

Nilitafuta alama za moto kwenye matofali sikuziona. Nilichokiona ni bibi harusi na bwana wakipigwa picha.

Chini ya uwanja wa mbele kuna mgahawa wa wanafunzi, chini ya ardhi kabisa, na mgeni anaruhusiwa. Unanunua tiketi ya chakula kwenye mashine. Nilisimama nikiikodolea macho mashine hiyo hadi kijana mmoja wa nyuma yangu akanibonyezea: tambi za Akamon, zenye jina la geti jekundu la chuo, pilipili ya kutosha kumtoa mtu wa Tanga kijasho. Chini ya yeni 600. Akaketi nami. Anasoma uhandisi, Kiingereza chake kizuri kuliko changu. Nilipomtajia 1969 akacheka. Babu yake, akasema, alikesha miaka miwili kujiandaa na mtihani ule uliofutwa, akaishia chuo kingine, na mpaka leo akiona ukumbi huo kwenye televisheni hubadilisha stesheni. Yeye mwenyewe haelewi hasa waligombea nini. Nikamweleza mimi, mgeni, juu ya tambi.

Jumanne, 14 Novemba. Sanrizuka

Hii ndiyo siku niliyoifuata.

Treni inakwenda mpaka Higashi-Narita, stesheni ambayo hadi mwaka 1991 ndiyo iliyokuwa stesheni ya uwanja wa ndege. Majengo mapya yalipopata stesheni zao, hii iliachwa. Ni kubwa kama ghala la pamba lisilo na pamba: taa nusu, upande mmoja wa majukwaa umezibwa, mabango ya zamani yamebaki mlemle gizani. Njia ya chini kwa chini ya mita 500 hivi huiunganisha na jengo la pili la abiria. Nilitembea nusu yake nikarudi. Nyayo zangu zilikuwa zikinifuata.

Kutoka hapo kuna reli inayojitangaza kuwa fupi kuliko zote Japani, kilomita 2.2, hadi Shibayama-Chiyoda. Ilifunguliwa mwaka 2002 kwa ajili ya wakazi ambao uwanja wa ndege uliwakatia njia. Behewani alisimama mlinzi amevaa sare, macho yake kwa kila begi. Nilipofika mwisho nikagundua kadi ya treni haifanyi kazi pale. Mfanyakazi wa stesheni hakukasirika, akaniandikia cheti cha kupeleka stesheni nyingine wanisafishie kadi, nikalipa taslimu. Wewe nunua tiketi ya karatasi tangu mwanzo, na uwe na noti ndogo.

Nje ya stesheni mama mmoja aliuza mboga kwenye meza. Nikaona kitu, nikadhani macho yananidanganya: karanga za kuchemsha, na maganda yake, zenye chumvi, sawasawa na za stendi ya Korogwe. Chiba ndiko kwenye karanga za Japani. Nilipomwonyesha kwa ishara kwamba hata kwetu tunazichemsha, akanijazia mfuko akakataa hela. Athumani alipofika na gari la bosi wake alinikuta nimeketi ukingoni mwa barabara natafuna.

"Kaka, umekuja Japani kula karanga?"

Jumba la makumbusho linaitwa Sora to Daichi no Rekishikan, maana yake ni kama historia ya mbingu na ardhi. Liko Shibayama jirani na makumbusho ya ndege, limefunguliwa mwaka 2011, kiingilio bure. Ndani hakuna watu. Mzee wa kujitolea alitupokea, Athumani akatafsiri, na saa mbili zikaisha.

Julai 4, 1966, baraza la mawaziri liliamua uwanja mpya wa ndege, huu wa Narita, ujengwe Sanrizuka. Kabla yake walikuwa wamelenga Tomisato, wakulima wa huko wakaja juu, serikali ikahamia hapa kwa sababu hapa palikuwa na shamba la mifugo la familia ya mfalme, ardhi ya serikali tayari. Iliyobaki ingenunuliwa. Ila waliokaa juu ya hiyo iliyobaki, wengi walikuwa wamerudi kutoka Manchuria baada ya vita hawana kitu, wakapewa pori, wakaling'oa visiki kwa mikono, ndiyo kwanza karanga zinaanza kuwalipa. Nao walisikia kupitia habari kwamba wanatakiwa kupisha.

Kupisha. Athumani alilitafsiri hivyohivyo, neno la kwetu la kupisha mradi, kisha akanitazama. Shangazi yetu alikuwa na nyumba Kipawa, jirani na uwanja wa ndege wa Dar.

Wakulima wakaunda umoja wa kupinga. Mwenyekiti, Tomura Issaku, alikuwa Mkristo, muuza zana za kilimo na mchonga sanamu za chuma. Kulikuwa na kikosi cha akina mama, cha wazee, cha vijana, hata cha watoto. Walijifunga kwa minyororo kwenye miti, wakachimba mahandaki wakaishi humo, wakawamwagia wapimaji ardhi na polisi mavi ya shamba. Mwaka 1967 wanafunzi wa siasa kali wakaja kuwasaidia na kofia zao ngumu, kila kundi na rangi yake. Ziko pale kwenye kabati la kioo, zimepauka. Nyeupe yenye maandishi ni ya Chukaku-ha. Nyekundu ni ya Bund, lile kundi ambalo Jeshi Jekundu, la wapiganaji wa aina ya Okamoto, lilizaliwa ndani yake. Mzee akasema wakulima mwanzoni waliwacheka wanafunzi kwa kutojua kushika jembe. Wakawalisha, wakawafundisha kuvuna.

Sitaki kuifanya hadithi hii tamu. Septemba 16, 1971, siku ya kutwaa ardhi kwa nguvu, polisi watatu waliuawa kwenye njia panda ya Toho. Siku nne baadaye bibi mmoja mkulima, Oki Yone, alitolewa nyumbani kwake kwa mabavu, nyumba ikavunjwa, siku ambayo walikuwa wametangaziwa kwamba hakuna kazi. Mwaka 1977 kijana mmoja aliyewaunga mkono wakulima naye aliuawa kwenye mapambano. Uwanja ulipangwa kufunguliwa Machi 30, 1978. Siku nne kabla, kikundi kilitokea kwenye mfereji wa majitaka, kikapanda mnara wa kuongozea ndege na kuvunja mitambo kwa nyundo. Ufunguzi ukasogea hadi Mei 20. Ndiyo maana ya yale mageti na vitambulisho kwa miaka 37.

Umoja wenyewe ulipasuka mwaka 1983, wakulima kwa wakulima, na makundi ya wanafunzi yakachagua pande. Mwaka 1995 waziri mkuu Murayama Tomiichi aliomba radhi kwa jinsi serikali ilivyoanza. Miaka 29 tangu uamuzi. Nikamuuliza mzee yeye alikuwa upande gani. Athumani akasita kutafsiri, kisha akatafsiri. Mzee akasema: upande wa shamba. Hakuongeza kitu.

Baadaye tuliendesha kutafuta kijihekalu cha Toho, ambacho uwanja umekizunguka. Unafika kwa njia nyembamba yenye ukuta mrefu kulia na kushoto, juu ya ukuta mikia ya ndege inapita kama papa. Gari la polisi lilikuwa nyuma yetu kwa mwendo wa kobe, lilipoona tumesimama nalo likasimama. Athumani akashusha kioo akawapungia. Wakampungia. Shamba moja maarufu la jirani, lililobaki katikati ya njia za ndege kwa miongo mingi, lilikuwa limetwaliwa kwa amri ya mahakama Februari ileile ya 2023; tuliona uzio tu.

Tulikula mchele na samaki wa kuchoma njiani, yeni 900 kila mmoja. Noah nililiona jioni. Lilikuwa zuri, na bei ilikuwa imeshapanda.

Jumatano, 15 Novemba. Shinjuku na Nagatacho

Mvua. Karibu na bustani ya Shinjuku Gyoen kuna duka dogo la vitabu, Mosakusha, liko tangu mwaka 1970. Linauza yale ambayo maduka mengine hayachukui: vijarida vya kurudufu, magazeti ya makundi, matangazo ya maandamano. Magazeti ya Chukaku-ha na Kakumaru-ha yanalala pale jirani kwa amani, jambo lililonishangaza kuliko kofia zote za jana.

Makundi hayo mawili yalitoka tumbo moja. Yaligawanyika mwaka 1963, na kufikia miaka ya 1970 yalikuwa yakiwindana usiku kwa mabomba ya chuma: kumvizia mwenzio stesheni, kumfuata hadi nyumbani, kumvunja miguu au kichwa. Machi 1975 kiongozi wa Chukaku-ha, Honda Nobuyoshi, aliuawa hivyo. Ukijumlisha mapigano ya ndani ya makundi yote, waliokufa wanapita 100. Polisi hawakuwaua watu wengi hivyo. Mimi nikiwa mwalimu wa historia nimesoma mapinduzi mengi yaliyokula watoto wake, lakini hayo yalikuwa yameshika dola. Hawa walikulana wakiwa hawajashika hata ofisi ya posta.

Nilinunua gazeti la kila upande, yeni mia chache, siwezi kusoma hata moja. Muuzaji alinifungia kwa plastiki kwa sababu ya mvua, kila moja mfuko wake. Chukaku-ha bado wapo. Wana chaneli ya video mtandaoni tangu mwaka 2017, vijana wanatabasamu kwenye kamera. Mwaka 2020 mwenyekiti wao, Shimizu Takeo, alijitokeza hadharani baada ya kujificha miaka 51.

Mchana nikaenda Nagatacho, bungeni. Geti la kusini ndipo alipofia mwanafunzi Kanba Michiko, miaka 22, Juni 15, 1960, umati ulipovamia kupinga mkataba wa ulinzi na Marekani. Mkataba ulipita vilevile; waziri mkuu Kishi akaachia ngazi, na ziara ya Eisenhower ikafutwa. Askari wa getini alikuja kuniuliza ninatafuta nini. Nikamwonyesha jina la Kanba kwenye simu. Akatikisa kichwa taratibu, akarudi mahali pake, akaniacha nisimame.

Ng'ambo ya barabara wazee kumi na wawili hivi walikuwa wameketi kwenye viti vya kukunja, mabango magotini, chini ya mwavuli mmoja wa ufukweni. Mmoja alinipa kikombe cha chai kutoka kwenye chupa yake. Hapakuwa na kijana hata mmoja.

Alhamisi, 16 Novemba

Utalii wa kawaida: Buddha mkubwa wa Kamakura, treni ndogo ya pwani, nikabadilisha treni Fujisawa nikanunua mkate wa maharage, nikarudi. Hakuna la kusimulia.

Ijumaa, 17 Novemba. Yokokawa na Karuizawa

Treni ya kasi kutoka Tokyo hadi Karuizawa ni kama yeni 6,000, saa moja na ushee. Mimi nilikwenda kimaskini: treni ya kawaida hadi Takasaki, nyingine hadi Yokokawa, kisha basi la kupanda mlima. Karibu nusu ya bei, na nusu siku. Faida yake ni Yokokawa, wanakouza wali wa kamameshi ndani ya chungu cha udongo, tangu mwaka 1958. Kuku, uyoga, yai la kware, tunda la aprikoti. Chungu unaondoka nacho. Kiko Tanga sasa, mke wangu anawekea chumvi.

Usiniulize kwa nini sikuangalia ratiba ya basi. Nilingoja zaidi ya saa moja na baridi ikaniingia kwenye mifupa. Mama muuza wali akaniita nikae karibu na hita yake.

Milima inayoonekana kutoka hapo ndimo Rengo Sekigun, Jeshi Jekundu la Muungano, walimojificha majira ya baridi ya 1971 kuingia 1972. Walikuwa wanajiandaa kwa vita. Walichokifanya ni kuuana. Neno lao lilikuwa sokatsu, kujihesabu makosa. Mtu anasimamishwa mbele ya wenzake akiri udhaifu, akishindwa wanampiga "wamsaidie", kisha wanamfunga nje kwenye theluji. Msichana mmoja kosa lake lilianzia kwenye pete. Mwingine alikuwa na mimba ya miezi minane. Kumi na wawili walikufa katika kambi hizo, na kabla ya hapo wawili waliotoroka walikuwa wameshauawa na kuzikwa karibu na ziwa Inba, huko Chiba, si mbali na reli niliyopita Jumanne.

Nilikuwa nikifikiria wale wakulima. Wao waliweza kugombana, kupasuka, hata kutosalimiana, lakini kesho yake karanga zilihitaji palizi. Hawa wa mlimani hawakuwa na cha kupalilia ila wao wenyewe.

Basi lilikuja. Karuizawa ni mji wa matajiri, viatu vya bei na mbwa waliovalishwa sweta. Nikachukua teksi kwenda kwenye mnara wa kumbukumbu wa polisi waliokufa. Dereva mzee akauliza kwa mashine yake ya kutafsiri kama nina ndugu aliyehusika. Nikasema hapana, mimi ni mwalimu. Akanyamaza, kisha akaanza kuzungumza, mashine ikitafsiri nusunusu.

Februari 19, 1972, vijana watano waliobaki waliingia kwenye nyumba ya mapumziko Asama-Sanso wakamshika mke wa mtunza nyumba. Siku kumi. Mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 16, na kaka yake mkubwa alikuwa ameuawa na kundi lenyewe wiki kadhaa nyuma. Siku ya mwisho, Februari 28, polisi walibomoa ukuta kwa tufe la chuma linaloning'inia kwenye kreni. Askari wawili na raia mmoja walikufa. Mama yule alitoka salama. Jioni hiyo karibu asilimia 90 ya televisheni za nchi zilikuwa kwenye tukio hilo. Baba wa mmoja wa wale vijana alijinyonga siku hiyohiyo.

Dereva alikuwa mtoto wa shule. Anachokumbuka ni harufu. Chakula cha polisi kilikuwa kinaganda kwa baridi, wakaletewa tambi za kikombe, bidhaa mpya iliyokuwa haijapata soko, na kamera zikawaonyesha wakila huku mvuke unapanda. Baba yake alitoka kwenda kuzitafuta. Hiyo ndiyo mara ya kwanza alipozionja. Tulipofika alizima mita akanisubiri bila kuihesabu, dakika ishirini nzima, kwenye ukungu. Kwenda na kurudi nikalipa yeni 5,000 na akanirudishia 500.

Nyumba yenyewe ni mali ya watu binafsi. Usiende kugonga.

Jumamosi, 18 Novemba. Marunouchi

Jioni nilitembea mtaa wa Nakadori, Marunouchi, karibu na stesheni kuu. Miti yote imevishwa taa za dhahabu, wapenzi wanapigana picha. Agosti 30, 1974, saa saba kasoro mchana, bomu lililipuka mbele ya jengo la Mitsubishi Heavy Industries, vioo vikanyesha mtaani kama mvua. Watu 8 walikufa, mamia wakajeruhiwa. Waliolitega walijiita Jeshi la Asia Mashariki Dhidi ya Japani. Hoja yao ilikuwa kwamba kampuni kubwa zinaendelea kuinyonya Asia palepale jeshi la mfalme lilipoishia. Hoja ina watu wa kuisikiliza mpaka leo. Ila waliokufa walikuwa wapita njia na wafanyakazi wa ofisi waliotoka kula.

Nilitafuta kibao cha kumbukumbu sikukiona. Nikala wali wa nyama ya kusaga, yeni 750, nikaenda kufunga begi.

Jumapili, 19 Novemba

Athumani alinipeleka uwanjani kwa gari. Hakuna geti lililotusimamisha. Ndege ilipokuwa ikijongea kwenye njia yake nilibandika uso dirishani nikitafuta ukuta wa kile kijihekalu, lakini nilikuwa nimekaa upande usio wake.

Machi 2024, nyumbani

Januari 26 Athumani alinitumia ujumbe usiku: "Kaka, yule wa kwenye bango amepatikana."

Kijana wa miwani. Kirishima Satoshi, wa Jeshi la Asia Mashariki, akisakwa tangu mwaka 1975 kwa bomu la Ginza la Aprili mwaka huo. Mgonjwa mmoja wa saratani ya tumbo, hospitalini Kamakura, alikuwa amelazwa kwa jina la Uchida Hiroshi. Siku zake zilipokaribia aliwaambia watu wa hospitali kwamba anataka kufa kwa jina lake la kweli. Alifariki Januari 29, na vinasaba vikaonyesha hakudanganya. Alikuwa na miaka 70.

Miaka kama 40 aliishi kwa jina la uongo, kibarua wa kampuni ya ujenzi, analipwa taslimu, hana bima. Anapenda muziki wa roki, anakwenda baa moja, wenzake walimpa jina la utani. Mji alioishi ni Fujisawa.

Nimeirudia picha niliyopiga Sanya, nikakuza uso ule unaocheka. Halafu nikatafuta picha za Alhamisi, siku niliyoandika hakuna la kusimulia. Za Fujisawa ni mbili tu. Moja ni mkate wa maharage umeumwa nusu. Ya pili imepigwa kwa bahati mbaya, simu ikiwa mkononi: vigae vya stesheni, kiatu changu, na migongo ya watu wakitoka kazini, mmoja wao mwanamume mfupi mwenye jaketi la kazi na mfuko wa plastiki. Si yeye, wakati ule huenda alikuwa hata kusimama hawezi. Nimeikuza hata hivyo, mara tatu.